Braidwood hakufa kwa moshi

Umesema James Braidwood, yule mkuu wa zimamoto London, alikufa kwa moshi na kwamba ndiye kaanzisha zimamoto ya serikali huko. Hapana mkuu, Braidwood aliangukiwa na ukuta akafa, Juni 22, 1861, Tooley Street London, maghala ya kando ya mto Thames yanawaka na yeye kawafata vijana wake kuwagawia brandi maana walishachoka hoi. Tulifundishwa hii kwenye kozi ya zimamoto kazini, huku bandarini. Ila kusema kaanzisha zimamoto ya serikali London sio, ile aliyoiongoza London ilikuwa ya kampuni za bima, hasara ya moto huohuo ndo ikawatoa jasho wakaisukuma serikali ibebe mzigo, sheria ikapita 1865. Ya manispaa aliiongoza kwao Edinburgh, Uskoti, tangu 1824, na kikubwa chake kwangu ni kuwafunza watu waingie ndani waufate moto ulipo, sio kumwaga maji toka barabarani.