Nusu siku katika Hifadhi ya Arusha: maswali yenu na majibu yake

Likizo zinakaribia na maswali mengi yaliyofika yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Arusha: kuingia asubuhi na kikundi kidogo chenye mwongozaji, kisha kutoka mchana. Yanayofanana nimeyaunganisha. Wanaouliza njia ya kufika, mnaijua: barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River, unanyoosha hadi lango la Ngongongare.

SWALI: Tuko sita. Tunataka Kreta ya Ngurdoto, maziwa ya Momella, matembezi hadi maporomoko ya Tululusia, na mtumbwi. Tunatoka Arusha mjini saa 12 asubuhi na lazima tuwe nje ya lango saa 7 mchana. Aliyetuuzia safari anasema yote yatawezekana.

JIBU: Hayawezekani. Akisema yanawezekana, maana yake mtayaona yote kupitia dirisha la gari.

Pigeni hesabu wenyewe. Toka mjini hadi langoni wekeni saa moja, kwa sababu ya malori na daladala za asubuhi. Langoni kuna kuandikishwa na malipo, wekeni nusu saa. Saa 1:30 mmeingia, na zimebaki saa tano na nusu. Kuendesha hadi Momella, mkisimama mara mbili tatu kuangalia twiga, ni saa moja. Matembezi ya Tululusia, pamoja na kumngoja askari wa hifadhi na kupewa maelekezo, yanafika saa tatu kwa watu wasio na haraka. Mtumbwi, pamoja na kuvaa maboya na kushuka hadi ufukweni, ni saa mbili. Kupanda msitu wa Ngurdoto, kusimama kwenye vituo vya kutazamia na kushuka, saa moja na nusu. Jumla ni saa saba na nusu.

Hifadhi hii ilikusanywa vipande vipande: Ngurdoto ilianza mwaka 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa 1962, na Kreta ya Meru 1967. Ndiyo maana inakuwa kama hifadhi tatu ndani ya moja, na nusu siku inatosha kuona mbili vizuri. Ushauri wangu kwa watu sita wenye miguu mizima: nyoosheni moja kwa moja hadi Momella, tembeeni kwanza kabla jua halijawa kali, kisha mrudi polepole kwa gari mkipitia kingo za maziwa. Dakika zikibaki, malizieni Ngurdoto, kwa kuwa njia panda yake iko karibu na lango mtakalotokea. Mpango huu una faida ya pili. Asubuhi ukingo wa kreta mara nyingi umefunikwa na ukungu, na anayekimbilia huko saa mbili anaweza kuona weupe mtupu. Mtumbwi uacheni kwa safari nyingine, au muuchague badala ya matembezi.

SWALI: Je, simba wapo?

JIBU: Hawapo. Chui wapo lakini ni nadra kuwaona, na fisi wapo. Swali hili limekuja mara kumi na moja, na kati ya wote waliouliza hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu nyati.

SWALI: Kama hakuna simba, kwa nini tulazimishwe kutembea na askari mwenye bunduki? Si njia tu ya kutuongezea gharama?

JIBU: Ndugu yangu, ni kwa sababu ya nyati, au mbogo kama wengi mnavyomwita. Uwanda wa majani ulio chini ya Meru, unapoanza tu kutembea kutoka lango la Momella, ndiyo malisho yao. Kundi kubwa la majike na ndama huwa na kawaida ya kuinua vichwa, kukukazia macho na kusogea. Wa kuogopwa ni dume mzee aliyejitenga, peke yake au wawili, aliyelala kichakani karibu na maji. Huyo hakimbii. Ukimkaribia bila yeye kukusikia, anashambulia.

Mtazame askari anavyofanya kazi, utaelewa ada hiyo inalipia nini. Kabla ya kuingia kwenye majani marefu atainama, atachota vumbi kidogo na kuliachia taratibu kutoka kwenye vidole. Vumbi likielea kuelekea mnakokwenda, harufu yenu inawatangulia, na atawazungusha upande mwingine. Akiinua mkono, simama hapo hapo ulipo, usimalize hatua. Akisema rudi, rudi kinyumenyume ukimtazama mnyama, yeye akiwa kati yenu. Usikimbie hata kama moyo unakwenda mbio, maana ukikimbia mstari unavunjika na askari hana tena namna ya kuwakinga wote.

Na tusichanganye watu wawili. Mwongozaji anakuja na gari lenu na analipwa na mliyenunua kwake safari. Askari ni wa hifadhi, na matembezi yana ada yake nje ya kiingilio. Bei inayoonekana rahisi kupita zote mara nyingi imeyaacha matembezi nje, na hilo mnagundua mkiwa langoni.

SWALI: Tangazo linasema "kikundi kidogo". Tulipouliza tukaambiwa ni watu 14. Ni kidogo hicho?

JIBU: Sicho. Kwenye njia ya miguu mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Kwa nafasi ya mita mbili kati ya mtu na mtu, watu 14 wanafanya mstari wa mita 26. Askari aliye mbele akisema kwa sauti ya chini kwamba kuna nyati kushoto, watu watano wa kwanza wanasikia, wanaofuata wanaulizana, na wa nyuma wanacheka hadithi yao. Ili wa nyuma asikie inabidi apaze sauti, na mnyama naye anasikia.

Sita ni idadi nzuri, nane ndiyo mwisho. Mkizidi hapo, ombeni mgawanywe makundi mawili, kila moja na askari wake, na muwe mmeliomba kabla ya siku ya safari. Hata ndani ya gari idadi ina maana yake: watu wakizidi viti vya dirishani, mtu wa katikati analipa sawa na wenzake ili aangalie visogo.

SWALI: Tunaweza kupanda Mlima Meru kwa nusu siku?

JIBU: Hapana. Ni mita 4,566, na ni safari ya siku tatu au nne: mnalala Miriakamba (mita 2,514), kisha Saddle (mita 3,570), ndipo kileleni.

SWALI: Kwa nini haturuhusiwi kushuka ndani ya Kreta ya Ngurdoto wakati Ngorongoro watu wanashuka?

JIBU: Kwa sababu sakafu ya Ngurdoto imeachiwa wanyama kabisa, na ninaomba ibaki hivyo. Kreta ina upana wa kilomita tatu hivi, chini kuna kinamasi na majani mabichi, na nyati wanaingia na kutoka kwa njia walizozikanyaga wenyewe miaka na miaka. Hakuna alama ya tairi hata moja kule chini. Sehemu za namna hiyo zimebaki chache.

Kutokana na umbali huo, macho matupu yatakuonyesha vidoti vyeusi. Bebeni darubini, hata moja ya kupokezana. Na msikimbilie kituo cha kutazamia mkiwa mmefunga vioo: msitu wa njiani ndiyo makao ya mbega weupe kwa weusi. Asubuhi yenye baridi hukaa juu kabisa ya miti wakiota jua, na utawatambua kwa mikia mirefu myeupe inayoning'inia hata kabla hujawaona wenyewe. Zimeni injini. Dereva akiiacha inanguruma mtakosa kuwasikia, na sauti ya mbega dume haifanani na ya mnyama mwingine.

SWALI: Maziwa ya Momella yanaonekana rangi tofauti. Ni kweli? Na tunaweza kuoga au kujaza chupa?

JIBU: Rangi ni kweli. Maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji. Yanalishwa zaidi na maji ya ardhini, jua linayakausha, chumvi na magadi vinabaki. Kila ziwa lina kiwango chake cha madini, kwa hiyo kila moja linaotesha mwani wa namna yake, na mwani ndio unaoleta rangi. Mwani huo ndio chakula cha heroe wadogo, wale ndege wengi mnaowaita flamingo.

Kuoga, hapana. Kuna viboko, na maji ni ya magadi.

Kujaza chupa, hapana tena, na hapa niongeze jambo ambalo hamkuuliza. Miamba ya volkeno ya Meru imejaa floraidi, na maji mengi ya ukanda huu yana floraidi kupita kiasi, ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikikolea kwa miaka, kudhuru mifupa. Wengi wanadhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, na kilichomo sufuriani kinakuwa kikali zaidi. Siku moja ya matembezi haitakudhuru, ila kwa wenye watoto wanaoishi kando ya mlima huu, ulizeni chanzo cha maji yenu.

Kwa safari yenyewe, bebeni lita moja na nusu kila mtu, kwenye chupa ya kujazwa tena. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, msije nayo.

SWALI: Heroe wapo mwezi gani? Tumeahidiwa tutawaona.

JIBU: Aliyeahidi hana mamlaka juu ya heroe. Wanahamahama kati ya maziwa ya magadi kufuata mwani, na mwani unafuata kiwango cha maji. Leo wanaweza kuwa maelfu, wiki ijayo wachache. Mpigieni mwongozaji siku mbili kabla, mumuulize ziwa gani lina ndege, si kama wapo.

SWALI: Mlima Meru bado ni volkeno hai? Tuna hofu kupeleka wanafunzi.

JIBU: Mwalimu, Meru haujafa, mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mdogo, mwaka 1910. Volkeno inayochemka siku hizi katika kaskazini yetu ni Ol Doinyo Lengai, ambayo iko mbali na hapo. Wapeleke wanafunzi, ila usiwapeleke kuhesabu twiga tu.

Wasimamishe uwandani Momella na uwaelekeze waangalie mlima. Wataona kwamba hauna umbo la koni. Upande wa mashariki haupo: mlima umefunguka kama kiatu cha farasi, na ndani kuna ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500. Sasa waulize, upande huo umekwenda wapi? Waache wageuke wenyewe. Vilima vidogo vidogo vinavyozunguka maziwa, vile vinavyofanana na vichuguu vikubwa vyenye majani, ni mabonge ya mlima ulioporomoka maelfu ya miaka iliyopita na kumiminika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Kati ya mabonge yakabaki mabonde, mabonde yakajaa maji, ndiyo Momella. Mwanafunzi aliyekwishaona hilo kwa macho yake hatahitaji kukariri ukurasa wa jiografia. Mwongozaji wenu asipowaonyesha, muulize mbele ya watoto. Wengine wanalijua vizuri na wanangoja tu kuulizwa.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Aje?

JIBU: Aje, dada. Muombee askari matembezi mafupi ya uwandani peke yake, bila kupanda kuelekea Tululusia, ambako njia ina mawe na kushuka kunayaumiza magoti kuliko kupanda. Mama akae kiti cha mbele na ashuke pale tu panaporuhusiwa kushuka. Lango la Momella liko kama mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo hewa si tatizo, ila mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli. Khanga peke yake haitoshi.

SWALI: Tuvae nini?

JIBU: Viatu vilivyofungwa na vyenye meno, suruali ndefu, rangi tulivu, koti la mvua hata kukiwa na jua. Udongo wa hapa ni majivu ya volkeno: kiangazi ni vumbi jepesi linaloingia kwenye kamera na puani, masika unateleza kama sabuni. Ndala zibaki garini.

SWALI: Tuulize nini kabla ya kulipa?

JIBU: Kwanza, kiingilio cha watu na cha gari kimo? Pili, ada ya matembezi na askari imo? Tatu, mwisho wa idadi ya watu ni wangapi, kwa maandishi? Nne, nani anaamua kugeuka njia ikiharibika? Jibu la nne liwe askari. Likiwa "mteja", tafuteni kwingine, kwa sababu huyo atawapeleka mnakotaka hata pasipopitika.

Malangoni msitegemee kulipa kwa noti mkononi. Malipo ni ya kadi au kwa namba ya kumbukumbu, na kuitafuta namba hiyo wakati mtandao umelala kunakula ile saa yenu ya baridi. Malipo yakamilike jana yake. Raia wabebe kitambulisho cha taifa chenyewe, si picha yake iliyofifia kwenye simu, vinginevyo mtabishana langoni kuhusu viwango vya wageni huku nyati wakirudi kivulini.