Mzunguko wa tatu

Wazazi wanaoniuliza kuhusu riadha shuleni huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto akianza kukimbia, masomo hayatayumba? Mimi nilikimbia mita 1500 na mbio za nyika nikiwa sekondari ya bweni mkoani Manyara. Nilifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, sikuvuka hapo, na sina nishani ya taifa ya kumwonyesha mtu. Lakini ninavyofanya kazi leo, ninavyopokea habari mbaya, hata ninavyokosana na watu na kupatana nao, mengi niliyapata uwanjani. Kwa hiyo jibu langu ni moja: mwacheni akimbie. Tena akimbie mashindano, asiishie kwenye mchakamchaka.

Mchakamchaka ni mzuri. Unaamsha mwili, mnaimba, mnarudi kuoga mkiwa wachangamfu. Ila ukichoka unajificha katikati ya kundi na hakuna anayejua. Siku ya mashindano una namba kifuani, wenzako wamejipanga pembeni mwa mstari wa chokaa, na kila hatua yako inaonekana. Kijana anayezoea kuonekana akiwa amechoka, akiwa nyuma, akiwa bado anajitahidi, hapati tena woga ule wa kusimama mbele za watu.

Sasa niseme lililo moyoni. Kwenye uwanja wa mita 400, mbio za mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Mwanzoni kila mtu ni hodari. Miguu myepesi, kelele nyingi. Mwishoni kengele ikigongwa, hata aliyeishiwa hupata nguvu asizojua zimetoka wapi, maana mstari wa kumalizia anauona. Kazi iko katikati, kuanzia kama mita 700 hivi mpaka kengele. Sisi tulipaita mzunguko wa tatu. Pumzi imekata, kichomi kimeanza, washangiliaji wamenyamaza wakisubiri mwisho, na kichwani kuna sauti inayokushauri upunguze kidogo tu. Hakuna atakayekulaumu ukipunguza. Pengine hata mwalimu hataona.

Hapo ndipo tabia inapojengwa, na ndiyo sababu nawasihi wanafunzi wasikimbilie mita 100 peke yake kwa kuwa zinapendeza. Muhula wa pili wa kidato cha tatu una mzunguko wa tatu wake. Kumuuguza mzazi kuna mzunguko wa tatu. Biashara ikishazoeleka, wateja wa kwanza wakiisha kukupongeza na faida ikiwa bado haijaonekana, uko palepale. Niliyejifunza nikiwa msichana wa miaka 16 kwamba ile sauti husema kabla nguvu hazijaisha kweli, nimeitambua kila ilipokuja tena.

Mwalimu wetu wa michezo alipenda kutusimulia habari za Filbert Bayi wa Karatu, mwanariadha wa Tanzania. Mwaka 1974 huko Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika uongozi mapema katika mita 1500 wakati wengi wa enzi zile walibana nyuma na kuchomoka mwishoni. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana, hakumpita. Muda wa Bayi ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Tulipotaka kumwiga wiki iliyofuata, mwalimu alitukataza. Alisema Bayi aliijua pumzi yake, na sisi zetu hatujazijua bado, tukazijue kwanza. Akatupa kila mmoja daftari la kuandika muda wake. Hili nalipenda kuliko ushauri wote niliowahi kupewa, kwa sababu daftari halikusifu wala halikuonei. Ukilala saa sita usiku ukipiga soga bwenini, Jumamosi daftari linasema.

Kuna uovu mmoja lazima niutaje, nao ni mamluki. Nimeshuhudia kwenye mashindano ya wanafunzi mtu mzima mwenye ndevu amevalishwa jezi ya shule asiyosoma, walimu wanamjua, na wanafunzi wa shule ile wanamshangilia huku wanajua. Mwalimu wetu aliletewa pendekezo kama hilo akalikataa mbele yetu. Tukashindwa mwaka ule, tukarudi kwenye lori kimya. Leo nikikutana na wenzangu wa timu ile, kukataa kule ndiko tunakozungumzia. Walimu, mkileta mamluki mnamfundisha mtoto mwaminifu kwamba jasho lake la miezi yote halina thamani, na mnamfundisha mwenzake kwamba wizi unapata kikombe. Michezo haijengi tabia yenyewe tu. Inajenga ile mnayoipanda ninyi.

Kuhusu kushindwa, mwambieni mtoto habari za Alphonce Simbu, mkimbiaji wa Tanzania. Alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Baada ya hapo akakimbia Olimpiki mbili bila nishani. Dhahabu ya dunia ilikuja Tokyo Septemba 2025, na hata hapo yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Ni miaka 8 kati ya shaba na dhahabu. Mtoto wako akishika nafasi ya tisa wilayani, usianze kwa kumuuliza amekuwa wa ngapi. Muulize alijisikiaje katikati ya mbio, na alifanya nini ile sauti ilipomjia. Majibu yake yatakueleza mambo mengi kumhusu ambayo ripoti ya shule haina.

Kwa wasichana: mkiwa kwenye siku zenu semeni na mwalimu au matroni bila aibu, na msikimbie na njaa ili muwe wepesi. Wote mjue kutofautisha maumivu. Kichomi ukipunguza mwendo na kuvuta pumzi ndefu hupita. Maumivu ya muundi yanayorudi kila siku mahali palepale hayataki ushujaa. Pumzika na uonyeshe mtu wa afya. Kujua lini ukaze na lini usimame nako ni ukomavu.

Kama shule yako haina mwalimu wa riadha, usisubiri aletwe. Tafuta wenzako wawili, maana peke yako asubuhi ya baridi utalala. Mwombe mwalimu wa zamu ruhusa ya kutumia kiwanja cha mpira, zungukeni pembeni mwa mistari, na muweke alama mlipoanzia. Siku tatu kwa wiki zinatosha mwanzoni: moja ya mwendo mrefu wa taratibu, moja ya kilima, moja ya kukimbia mkipima muda na kuuandika kwenye daftari. Siku ya kilima wekeni Jumatano, mbali na Jumamosi, ili miguu iwe imepumzika mtakapopima.