Uliza Fundi wa Kodi (code za kompyuta): Hassan amekataliwa, matusi yamepita

SWALI: Sasa fundi. Mimi ni developa niko Kasarani, kuna sacco ya matatu za Rongai ilinipa kazi ya fomu ya maoni ya abiria, unaandika jina, namba ya gari na kilichotokea. Wiki ya kwanza tu matusi yakajaa hadi karani wa ofisi akalia. Nikapakua orodha ya matusi ya Kiingereza nikaiweka kwa kodi, herufi za tusi zikipatikana popote ndani ya ujumbe, ujumbe unakataliwa. Sasa abiria anaitwa Hassan hawezi kujaza fomu, Dickson pia amekataliwa, mama mmoja aliandika "nitafungua mashitaka" akakataliwa, na zile za Kiswahili na Sheng zote zinapita. Hakuna programu inajua matusi yetu nipakue tu? – Developa, Kasarani

JIBU: Pole ndugu yangu, na umpe pole huyo karani, kusoma matusi ya watu kutoka asubuhi mpaka jioni ni kazi inachosha roho.

Shida yako ni ya zamani. Mwaka wa 1996 kampuni ya intaneti ya AOL ilizuia watu wa mji wa Scunthorpe, kule Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna tusi la Kiingereza, na mpaka leo mafundi wanaiita shida ya Scunthorpe. Kwetu inauma zaidi. Chukua lile tusi letu la herufi nne linaloanza na ku-, alafu soma herufi nne za kwanza za "kumaliza". Umeona? Sasa abiria akiandika "dere alikataa kumaliza safari, akatushukisha Galleria" ujumbe wake umezuiwa. Mtu ametoka Kumasi, Ghana, naye amezuiwa. Milima ya Himalaya pia imebeba tusi ndani yake, na "kusengenya" vilevile.

Utasema basi nitafute neno zima peke yake. Sawa, lakini Kiswahili hakikai hivyo, neno letu linatembea na viambishi. Ukiweka "mjinga" peke yake, wajinga, kijinga, ujinga na lijinga zote zinapita. Kwa hivyo orodha yako iwe ya mizizi, -jinga, -shenzi, -pumbavu, na kodi yenyewe ibandike viambishi vya ngeli mbele: m, wa, ki, vi, u, li, ma. Hivyo vinahesabika, si vingi. Vitenzi ndio vina kazi kidogo, juu hapo kuna mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi na mwisho wake, lakini navyo vinafuata mpangilio, kaa chini na kalamu uziandike zote, alafu ndio ulinganishe na neno zima.

Kabla ya kulinganisha safisha maandishi, maana watu ni wajanja, wataandika mj1nga, m.j.i.n.g.a, ama waweke herufi ya Kirusi inayofanana kabisa na a yetu na jicho lako lisione tofauti. Geuza 1 iwe i, 0 iwe o, 4 iwe a, toa nukta. Lakini fanya hivyo kwa nakala, si kwa ujumbe wenyewe, namba ya gari ina tarakimu na ukizigeuza umeharibu ushahidi wa abiria. Na ile tabia ya kufuta herufi zilizorudiwa, mjingaaaa, chunga sana! Mafundi wengi wanazipunguza zibaki moja, na kwetu "kufaa" inakuwa "kufa" na "choo" inabaki "cho". Zikiwa tatu ama zaidi zipunguze ziwe mbili, alafu unapolinganisha na orodha ya matusi jaribu mbili na pia moja.

Sheng haiwezi kukupa orodha iliyokamilika. Hawa vijana wanageuza silabi, stori ikawa risto, na tusi nalo linageuzwa hivyohivyo, alafu la Umoja si la Kawangware. Ndio maana siwezi kukwambia kuna kitu upakue ulale. Na kuna maneno ubaya wake uko kwa aliyeyasema na alikuwa anamwambia nani. Mwaka wa 2022 kabla ya uchaguzi, NCIC, tume ya uwiano na utangamano, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" ikiwemo, yaani watu wa kabila lingine wanaoishi kwenu, na kila mtu aliyeishi hapa wakati wa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 anajua kwa nini. Lakini abiria akikuandikia "viti viko na madoadoa ya mafuta" anaongelea sketi yake.

Sasa hapa ndio nataka unisikie vizuri. Acha kukataa ujumbe. Angalia huu: "Nyinyi ni mbwa, konda amenisukuma hapo Bomas nikiwa na mtoto mgongoni na gari ikaenda na chenji yangu." Tusi ni neno moja tu hapo, kinachobaki ni mama na mtoto karibu wauawe, na sacco inafaa kuisoma leo leo. Mtu aliyeumizwa ndiye anatukana, ukimfungia mlango utabaki na maoni ya wale hawakuwa na shida. Ongeza safu moja kwa databesi ya kuweka alama, tusi lifunikwe na nyota karani asilione, ujumbe asili ubaki umehifadhiwa, na mtu mmoja anayeijua Sheng ya stage apitie zenye alama kila siku na akuongezee maneno mapya. Ukimpa mtu wa nje akusaidie, toa majina na namba za simu kwanza, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Alafu chukua jumbe 200 ulizonazo tayari, zisome mwenyewe, weka alama kwa mkono, ndio upitishe kodi yako. Hesabu zile imezionea na zile zimepenya, kila moja kivyake. Hassan akiwa bado yuko nje, rudi kwa kodi.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu, kwizi yetu ya tablet imezuia jibu la mwanafunzi kuhusu saratani ya matiti. Niondoe hilo neno kwa orodha? – Mwalimu, Umoja

JIBU: Ondoa, mwalimu, leo. Ni neno la mwili na mtoto alikuwa anajibu swali la afya, asije akadhani amekosea adabu. Na kama kuna kwizi ya historia, angalia pia kama inamkubali Bibi Titi Mohamed, yule mpigania uhuru wa Tanganyika.