Usimwage Tabaka Lolote Kabla Hujamaliza

Mwaka wa pili wa chuo, hapa Kampala, tulitoa kafeini kwenye majani ya chai kwa klorofomu. Klorofomu, ikiwa imebeba kafeini, ni nzito kuliko maji, hukaa chini. Nikafungua bomba la funeli ya kutenganishia vimiminika, nikakinga cha chini, cha juu nikamwaga. Nikapata alama nzuri, na balaa langu likaanzia hapo.

Mwaka uliofuata tulipewa maji ya buluu yenye shaba, na kiyeyusho kilichochanganywa na mafuta ya taa. Nikatikisa, nikaacha yatulie, nikakinga cha chini, cha juu nikakitia kwenye ndoo ya taka. Mkono ulishazoea. Nikatazama chupa yangu: maji yamepauka kabisa. Shaba ilikuwa imehamia kwenye mafuta, na mafuta ya taa huelea. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Haya, kachote." Nikachota, mbele ya darasa zima.

Tangu hapo situpi kitu. Kila tabaka lina chupa yake yenye jina mpaka kipimo cha mwisho kitoke. Nikisahau lipi ni maji, nadondosha tone moja la maji kwa juu: likizama mpaka chini, basi la juu ni mafuta.

Siku hizi, kwa kuwa kinu cha nyuklia cha Buyende kinazungumzwa sana, wadogo zangu wa kemia wananiuliza mafuta ya nyuklia yaliyotumika (yaani fueli ngumu ya kinu, si mafuta ya kimiminika) husafishwaje. Wanaanza na milinganyo. Mimi nawarudisha kwenye funeli. Kule kwenye kiwanda cha La Hague, Ufaransa, fueli hiyo huyeyushwa kwa asidi ya nitriki, kisha huchanganywa na kiyeyusho kiitwacho tributili fosfeti, kilichozimuliwa kwa kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa. Urani, ambayo ni takriban asilimia 95 ya mzigo wote, hupanda juu pamoja na plutoniamu. Taka zenye mionzi kama sizi na stronti hubaki kwenye maji. Kazi ni ile ile niliyoiharibu, ila wao hufanya nyuma ya kuta nene za zege, na mionzi huvunjavunja kiyeyusho chenyewe. Mabaki yake hung'ang'ania metali na kuleta utando mchafu katikati ya matabaka, ndiyo maana kiyeyusho huoshwa kwa magadi kabla ya kurudishwa kazini.

Swali linalowashinda wengi ni kwa nini warudie hatua nyingi badala ya kumimina kiyeyusho kingi mara moja. Piga hesabu. Tuseme metali hupendelea mafuta mara nne kuliko maji. Lita moja ya mafuta kwa lita moja ya maji, kwa mkupuo mmoja, inakuachia asilimia 20 majini. Igawe lita hiyo hiyo nusu kwa nusu, uoshe mara mbili: inabaki kama asilimia 11. Hukuongeza hata tone.

Na mtikise taratibu, jamani. Ile chai niliitikisa kama mtu anayechapa mayai ya rolex, ile chapati yetu ya mayai, ikageuka povu zito lisilotaka kutengana; chumvi kidogo ndiyo iliyoniokoa. Ukifungua bomba kutoa hewa iliyojibana, elekeza mdomo wa funeli kwenye kabati la kufyonza moshi, si usoni kwa jirani yako. Huyo ndiye utakayemwazima kikokotoo wiki ya mtihani.