Kabla hujakata gitaa la mzee

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza biti, nikusimulie kilichonipata mwaka wangu wa pili studio. Nilichukua kipande cha gitaa kwenye rekodi ya zamani ya dansi, sekunde sita hivi, nikakiongeza kasi na kukizungusha wimbo mzima. Kilikuwa kitamu kweli. Wimbo ulipoanza kushika, ukashushwa YouTube kwa madai ya hakimiliki, na msanii aliyenilipa akabaki mikono mitupu.

Utetezi wangu ulikuwa ule wa vijiweni: chini ya sekunde saba ni ruksa. Sheria yetu ya Tanzania ya 1999 haina kitu hicho. Ukitaka kuielewa, anza na jina lake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya waliopiga na waliorekodi. Kwa hiyo kile kipande kidogo kilikuwa na milango miwili, nami sikubisha hodi hata mmoja. Hata kama mtunzi ameshafariki, haki yake inaendelea miaka 50 baada ya kifo, na warithi wapo.

Wengine watakutajia kanuni ya Marekani ya matumizi halali, ile "fair use". Kule hakimu hupima lengo lako, aina ya kazi uliyoichukua, kiasi, na unavyoathiri soko la mwenyewe. Huo ni utetezi wa mahakamani, ukishashtakiwa. Kwetu sheria imetaja matumizi yake, kama kunukuu na kufundishia, na biti ya kuuza haimo.

Ilibidi niujenge wimbo upya. Nikamtafuta mzee mmoja anayepiga gitaa la solo kwenye bendi ya harusi, nikamwambia nataka ladha ileile, noti nyingine. Akakunja kitambaa, akakipachika chini ya nyuzi karibu na daraja ili zisivume, kisha akaniuliza, "Gitaa lako la ridhimu liko wapi? Solo haiongei peke yake." Tulikesha. Usiku ule ndipo nilipojua magitaa mawili yanavyopokezana, jambo ambalo, kama ningeendelea kukata vipande, nisingelijua mpaka leo. Mtindo wa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, hauna mwenyewe, mwendo wa singeli hauna mwenyewe. Chota humo bila woga.

Kinachoniuma ni rekodi za zamani ambazo mwenye haki hapatikani. Unataka kuomba na kulipa, humjui wa kumwomba, na sauti nzuri inaozea kabatini. Hapo naona sheria inawanyima vijana bila kumnufaisha mzee yeyote.

Na wewe usiwe chanzo cha fumbo kama hilo. Kabla watu hawajatoka studio, andika nani katunga kiitikio, nani kapiga, kila mmoja asilimia ngapi, wote watie saini. Yule mzee wa gitaa hakuwa amewahi kuandikwa popote. Alipoiona karatasi aliomba miwani, akaisoma mara mbili, akaniomba nakala ampelekee mkewe.