Udi unasikika kama uko kisimani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga udi na ningependa kurekodi taksim zangu (vipande ninavyovibuni papo hapo nikipiga peke yangu) nyumbani ili niwapelekee jamaa walio mbali. Chumba changu kina kuta za zege na sakafu ya vigae, na kifaa nilicho nacho ni simu tu. Kila nirekodipo, udi husikika kama uko kisimani, na mgongano wa risha (kijiti cha kupigia nyuzi) unasikika kuliko nyuzi zenyewe. Je, ninunue maikrofoni ya bei kubwa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe fedha bado. Kasoro uliyoieleza inatokana na chumba na mahali ulipoiweka simu, na maikrofoni ya bei kubwa ikiwekwa hapo hapo itaunasa mwangwi ule ule, tena kwa ukamilifu zaidi. Zege na vigae havimezi sauti, bali huirudisha. Kwa hiyo hamia chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa, na usikae kwenye pembe ya kuta mbili, kwa kuwa pembe huuzidisha mvumo wa nyuzi nene.

Mahali pa simu ndipo penye kazi hasa. Wengi huielekeza kwenye tundu kubwa la udi wakidhani sauti yote hutokea humo, ilhali hapo ndipo mvumo wa bakuli, yaani tumbo la udi, unapozidi. Iweke umbali wa sentimita 40 hivi, ikielekea pale shingo inapoungana na bakuli, na hapo utakuwa umeisogeza mbali kidogo na risha. Ukiisogeza upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye uso wa udi, sauti itakuwa kavu na kali zaidi. Rekodi nusu dakika kila mahali, ukitaja kwa mdomo umbali ulioupima, kisha linganisha. Saa moja ya majaribio ya namna hii itakufaa kuliko ununuzi wowote.

Zima feni, friji na mtandao wa simu. Chagua programu inayohifadhi sauti kwa WAV (muundo usioibana sauti na kuipunguzia ubora) na inayokuruhusu kuzuia simu isijipandishie sauti yenyewe, kwa sababu taksim huishi katika kupanda na kushuka, na simu inayopandisha kila kinachofifia huuharibu ule ukimya ambao mpigaji ameuacha kwa makusudi. Kipimo cha sauti kwenye programu kisivuke desibeli -12 unapopiga kwa nguvu; sifuri ndiyo kikomo, na sauti ikifika hapo hukwaruza.

Baadaye, ukitaka kuendelea, nunua maikrofoni ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo ndogo) pamoja na kifaa kidogo cha kuiunganisha na kompyuta, chenye uwezo wa kuipa umeme wa volti 48. Bila umeme huo maikrofoni nyingi za aina hiyo hazifanyi kazi. Kwa sasa tafuta vifaa vizuri vya kusikilizia masikioni, kwani spika ya simu haitoi sauti ya uzi mnene wa chini, nawe unaweza kuuhukumu udi wako kwa kosa lisilo lake.