Maswali ya Wasomaji: Faili Linapogoma Kupanda

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo. Siku hizi tunatakiwa kupandisha mihtasari ya mikutano na kurasa za daftari la wanachama kwenye hifadhi ya nyaraka ya mtandaoni, badala ya kuzipeleka Tabora mjini kwa bahasha. Nilizipiga picha kurasa zote kwa simu, nikaziunganisha zikawa faili moja la PDF lenye megabaiti 38. Kila nikilipandisha, linafika asilimia 60 au 70, pengine chini ya hapo, kisha ukurasa unaandika kwamba imeshindikana. Je, tatizo ni mtandao wa huku kwetu au ni mfumo wenyewe?

JIBU: Ndugu Katibu, umefanya vyema kueleza faili linakwama wapi, kwa sababu mahali linapokwama ndipo penye habari. Faili likikataliwa papo hapo, kabla asilimia hazijaanza kuhesabika, mara nyingi kasoro imo ndani ya faili lenyewe: ukubwa, aina au jina lake. Likifika asilimia 100 ndipo likataliwe, chunguza upande wa hifadhi, yaani nafasi iliyobaki na ruhusa ya akaunti yako. La kwako linakufa njiani, na hapo mtandao na uzito wa faili hushirikiana.

Fanya hesabu hii. Megabaiti 38 ni megabiti 304, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Ikiwa simu yako inapandisha kwa kasi ya nusu megabiti kwa sekunde, utahitaji dakika kumi na ushei bila mawasiliano kukatika hata mara moja, na seva nyingi, yaani kompyuta zinazopokea mafaili mtandaoni, huwekewa ukomo wa muda wa kusubiri. Usidanganywe na video inayocheza vizuri kwenye simu hiyohiyo, maana kasi ya kupandisha kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kushusha. Utakapojaribu tena, tazama saa: likikatika baada ya dakika zilezile kila mara, ingawa asilimia zinatofautiana, basi ni ukomo wa muda wa seva, likikatika ovyo, leo dakika ya pili na kesho ya saba, ni mawasiliano yako. Hakikisha pia kwamba kioo cha simu hakizimiki na kwamba hali ya kuokoa betri imezimwa, kwa sababu simu nyingi husimamisha kazi ya kivinjari kioo kinapolala.

Hata hivyo, dawa ya kudumu ni kulipunguza faili uzito, na hilo liko mikononi mwako kuliko mtandao. Picha ya kamera ya simu hubeba mambo mengi kuliko yanayohitajika ili maandishi yasomeke. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli (vinukta vinavyounda picha) 2480 kwa 3508. Ukiushusha hadi nukta 150 unabaki na 1240 kwa 1754, yaani robo tu ya pikseli zile. Maandishi yaliyochapwa husomeka vizuri kwa nukta 150. Kurasa za daftari zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi ningezipa nukta 200, kwa kuwa tarakimu hafifu zikififia zaidi, mkulima anaweza kusomewa kilo zisizo zake. Skani kwa rangi ya kijivu, isipokuwa ukurasa wenye saini na mhuri wa bluu, ambao ni vyema ubaki na rangi zake. Ukiwa na kompyuta, LibreOffice, programu ya ofisi ambayo hailipiwi, hufungua PDF na kuihifadhi upya kwa picha zenye ubora mdogo zaidi. Faili likiwa bado zito, ligawe, kisha uyape mafaili majina ya wazi, kama vile muhtasari-2024-05-12-sehemu-1. Epuka mkwaju (/) katika tarehe, pamoja na alama kama & na #, ambazo baadhi ya mifumo huzikataa.

Nakusihi jambo moja: usipeleke daftari la wanachama kwenye tovuti za bure zinazojitangaza kupunguza mafaili. Daftari hilo lina majina, namba za simu na pengine akaunti za benki za watu waliokuamini, na ukishalipandisha huko huna namna ya kujua nakala yake imeishia wapi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Manispaa ya Tabora. Mfumo unaniambia kwamba aina ya faili langu haikubaliki, ilhali unataka PDF na jina la faili langu linaishia na pdf. Nimefuta kumbukumbu za kivinjari bila mafanikio.

JIBU: Mwalimu, inaelekea jina lilibadilishwa lakini kilichomo hakikubadilishwa. Kuandika pdf mwishoni mwa jina la picha hakuigeuzi picha hiyo kuwa PDF, na mfumo makini husoma mwanzo wa faili lenyewe. Unaweza kujihakikishia: lifungue kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, bila kuhifadhi chochote, na kama ni PDF halisi, kwa kawaida herufi za kwanza kabisa zitakuwa %PDF, zikifuatiwa na namba ya toleo. Usipoziona, rudi kwenye faili la awali. Ikiwa ni hati ya Word, ihifadhi upya kwa kuchagua aina ya PDF. Ikiwa ni picha, ifungue, chagua kuchapisha, kisha mahali pa printa uchague kuhifadhi kama PDF. Waliopiga picha kwa iPhone waangalie zaidi, kwani tangu mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao mifumo mingi haiupokei. Na ikiwa herufi hizo zipo lakini faili bado linakataliwa, angalia kama lilifungwa kwa nenosiri.

SWALI: Niko chuoni, nyumbani ni Nzega. Google Drive imekataa kupokea hata faili dogo la kurasa mbili.

JIBU: Inaelekea nafasi imejaa. Gigabaiti 15 zinazotolewa bure zinatumiwa kwa pamoja na barua pepe za Gmail na picha za Google Photos, kwa hiyo video za harusi zilizojihifadhi zenyewe zinaweza kuizuia kazi yako ya chuo. Futa zile kubwa kwanza, kisha umwage na pipa la taka, kwa sababu kilichomo humo huendelea kuhesabiwa hadi kitakapofutwa kabisa. Katika Drive hilo hujifanya lenyewe baada ya siku 30. Hesabu ya nafasi huweza kuchelewa kusasishwa, basi ipe muda kabla ya kupandisha tena. Likishapanda, lifungue hukohuko mtandaoni uone kurasa zote mbili zimefika.